Mungu Hakushika Spana

Mtaani walimwita Breki. Mwanzoni lilikuwa jina la sifa. Gari likipiga kelele magurudumuni, au likivuta upande kila likisimamishwa, watu walikuwa wakisema, "Mpelekee Breki," na ukishampelekea hukurudi tena na malalamiko. Alikuwa kijana mwenye mikono mepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alilala chini ya gari huku akisimulia kisa, mafundi wenzake wakicheka hadi vyuma vinawaponyoka, na kisa kikifika mwisho gari nalo limekwisha. Baada ya yale yaliyotokea jina lilibaki lilelile, ila watu walilitamka kwa sauti ya chini, kama wanavyotaja ugonjwa.

Alilelewa na shemeji yake. Mama yao alipofariki, kaka yake, aliyekuwa mwashi, alikuwa ndiyo kwanza ameoa. Bi harusi akamkuta mtoto mdogo amekaa kwenye ngazi ya nyumba, amekumbatia begi la shule, hataki kuingia ndani wala hataki kuondoka.

"Shemeji," yule mwanamke akamwambia, "mimi kubembeleza sijui. Kupika najua. Ingia."

Akaingia. Tangu siku hiyo shemeji ndiye aliyemfulia sare, ndiye aliyekaa kwenye vikao vya wazazi, na ndiye aliyempeleka gereji kujifunza kazi alipoona darasani hasikii la mwadhini wala la mnadi swala, lakini akipewa redio mbovu anatulia kama maji ya mtungini. Walitaniana kutwa. Alimwita shemeji mbele za watu. Akiugua homa alimwita mama, na akipona anakana kwamba hakusema hivyo.

Kaka mtu alikuja kununua pikapu kuukuu ya kubebea mchanga na saruji. Breki akaichukua kuibadilishia kibomba cha breki cha nyuma, kile kinachopeleka mafuta gurudumuni. Kazi ndogo. Alikichomeka kibomba, akaizungusha nati kwa vidole mpaka ikashika, bado kuikaza kwa spana. Hapo akaitwa nje. Mteja mmoja rafiki yake alikuwa amefika na wenzake, wanataka awasimulie tena kile kisa cha bwana aliyesukuma gari la jirani akidhani ni lake. Akatoka na vidole vyake vya mafuta, akasimulia, wakacheka, wakamwomba arudie pale penye utamu, akarudia. Aliporudi ndani, kichwa bado kimejaa kicheko, alirudisha gurudumu, akateremsha jeki.

Kaka yake alifika jioni. "Tayari?"

"Chukua, kaka. Liko sawa."

Kila gari alilotengeneza alikuwa analiendesha kwanza mwenyewe. Hilo hakuliendesha. La kaka, nani angelilalamikia?

Kesho yake mume na mke walikuwa wanateremka mlima wa machimbo ya kokoto, gari lina mzigo. Mafuta ya breki yalikuwa yamevuja njia nzima, tone kwa tone. Kaka alipokanyaga, pedali ilizama mpaka chini kama imekanyagwa kwenye uji. Pikapu ilipiga ukuta upande wa abiria. Shemeji hakufika hospitali. Kaka alivunjika mguu, ukaunga vibaya, na tangu hapo akawa mtu wa kuchechemea.

Breki alikwenda polisi mwenyewe, na ovaroli yake mwilini. Wakili aliyepewa alikuwa mtu mwema, akamwonyesha mlango wa kutokea. "Vibomba bandia vimejaa madukani. Tukisema kilipasuka chenyewe, nani atabisha?"

"Nitabisha mimi," Breki akasema.

Akafungwa miaka mingi. Kaka yake hakuja mahakamani, wala gerezani hakukanyaga. Wazazi wa binti aliyekuwa amemposa walituma ujumbe mfupi wa kumtakia heri, na hiyo ikawa ndiyo tamati ya mambo ya harusi. Huko ndani alianza kusoma Biblia, si kwa imani, bali kwa sababu ndicho kitabu kilichokuwepo. Alikisoma kama anayetafuta ugomvi. Kila alipofika mahali mkosaji amesamehewa, alijiuliza yule aliyekosewa alisema nini, na mara nyingi hakuona ameulizwa.

Alipotoka, shangazi yake alimpokea kwenye chumba chake kimoja. Mama huyo alikuwa na huruma ya kumwaga. Siku ya kwanza alimmiminia chai, akamkalia karibu, akamshika goti.

"Mwanangu, usijiumize moyo. Yalikuwa mapenzi ya Mungu. Siku zake zilikuwa zimefika."

Breki akaweka kikombe chini. "Shangazi, Mungu hakushika spana. Niliyeshika ni mimi. Na sikuikaza nati."

"Jamani, mimi nakufariji tu."

"Usinifariji kwa kumsingizia Mungu."

Shangazi alikuwa amezoea watu wanaoshukuru. Akafuta meza ambayo haikuwa chafu, kisha akauliza, "Basi unataka tusemeje?"

"Semeni nilifanya mimi. Halafu muendelee kunipa chai."

Shangazi akamtazama, akatikisa kichwa, akamwongezea chai.

Alirudi gereji. Mwenye eneo alimpa kona ya mwisho, nyuma ya magari mabovu yaliyoota majani, na wenzake wa zamani wakamkalisha kitako. Walimshauri apige rangi. Walimshauri azibe pancha. Mmoja akasema angekuwa yeye angeacha ufundi kabisa, akauze nguo.

"Nitafanya breki," akasema.

"Breki? Wewe?"

"Nakijua kinachotokea usipozifanya vizuri. Wewe unakijua?"

Wakamwona ana kiburi. Huenda kweli alikuwa nacho. Alinunua kopo la rangi nyeusi akaandika kwenye ukuta wa kona yake, kwa herufi zinazoonekana toka barabarani: FUNDI BREKI. Baada ya siku chache alikuta mtu ameandika chini yake kwa mkaa: MUUAJI. Wenzake walikuja na tambara na maji, wanamwonea aibu. Akawazuia. Alisimama pale mikono kiunoni, akasoma juu, akasoma chini.

"Acheni," akasema. "Hajakosea herufi hata moja."

Mvua ndiyo iliyokuja kulifuta. Lakini wateja hawakuja, kwa mvua wala kwa jua. Alikaa kwenye kona yake akisugua spana zisizo na kutu. Kisha, asubuhi moja, likaingia gari la kubebea wanafunzi, na dereva wake, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamrisha, akashuka akamtazama toka utosini hadi viatuni.

"Wewe ndiye yule?"

"Ndiye mimi."

"Kule mbele nimemkuta fundi anafunga breki huku anaongea na simu. Nikamwambia atoe gari langu kwenye jeki." Akamrushia ufunguo. "Mimi nabeba watoto wa watu. Nataka fundi anayeogopa."

Breki alilitengeneza gari lile akikagua kila nati mara mbili. Alipomaliza aliliendesha peke yake mpaka mlima wa machimbo ya kokoto, akateremka nao, akasimama pale pale penye ukuta, akapanda, akateremka tena. Aliporudi shati lake lilikuwa limelowa. Yule mama alilipa, akaondoka bila neno la shukrani, na juma lililofuata madereva wengine wawili walikuja, wanasema wametumwa na mama mmoja mkali.

Mkate akawa ameupata. Kilichobaki ni Jumapili.

Alikuwa amerudi kwenye kanisa lao la zamani, lile lile alilobatiziwa, lile lile lililomuaga shemeji kwa nyimbo na majonzi. Alikaa benchi la mwisho. Kaka yake sasa alikuwa mzee wa kanisa, na siku za meza ya Bwana ndiye aliyekuwa akichechemea toka benchi hadi benchi, akiwapa watu mkate kutoka kwenye sinia. Meza ilipoandaliwa, Breki alitoka nje, akasimama karibu na tangi la maji mpaka aliposikia wimbo wa kumalizia. Ndugu hao wawili hawakusalimiana. Kanisa zima lilijua, na kanisa zima likajifunza kutazama mbele.

Miaka ilipita hivyo, na mtu wa kwanza kulisema jambo hilo waziwazi alikuwa binti wa kaka yake. Siku ya msiba alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Sasa alikuwa mwanamke, muuguzi, ana macho ya mama yake na mwendo wa mama yake, hata Breki alipomwona anaingia gereji spana ilimtoka mkononi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Pana vumbi."

Hakukaa. "Nimekuja kukuomba kitu. Tafuta kanisa lingine. Baba akikuona pale nyuma, siku hiyo hali chakula. Makanisa ni mengi. Watakupokea vizuri tu."

Breki alifuta mikono kwa muda mrefu. Alitaka kusema ndiyo. Kwa sura ile angesema ndiyo kwa kila kitu.

"Mwanangu," akasema, "ni kweli watanipokea vizuri. Kwa sababu hawanijui. Watanishika mkono, watanipa kiti, na mimi nitakaa pale nikijua wamemkaribisha mtu mwingine. Msamaha wa watu wasiojua nilichofanya utanisaidia nini? Pale kwenu ndipo wanaponijua. Nikifukuzwa, nifukuzwe na wanaojua. Nikipokewa, vivyo hivyo."

"Kwa hiyo utakuja tu."

"Nitakuja."

"Hata kama tunaumia."

Hilo lilimchoma. Akasema, "Nikikaa mbali mtaacha kuumia?"

Binti aligeuza uso akatazama magari mabovu. "Hapana," akasema. Kisha, kwa sauti ya mtu aliyekasirika kwa kusema kweli: "Hata sura yake siikumbuki. Wewe unaikumbuka."

"Naikumbuka."

"Hilo ndilo linalonikera zaidi." Akaondoka bila kuaga.

Baadaye kidogo alikuja mchungaji. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye gari dogo lililolia kila akisimama. Breki alilisikia toka barabarani kabla hajaliona. Mchungaji aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kwa upole. Akasema neema haina mipaka. Akasema damu ya Yesu husafisha kila doa. Akasema ni vibaya mtu aliyetubu kusimama nje kama mbwa wakati watoto wa nyumba wanakula.

Breki akamsikiliza mpaka mwisho, ndipo akauliza, "Mchungaji, gari lako linatengenezwa na nani?"

Mchungaji akakohoa. "Yule wa barabara ya juu."

"Breki zake zinalia."

"Nimemwambia."

"Kwa nini hukuniletea mimi?"

Mchungaji angeweza kusema uongo, na uongo mzuri ulikuwepo karibu. Angeweza kusema hakuwahi kufikiria. Alitazama mikono yake. "Nina watoto," akasema.

"Sawa. Umesema kweli, nakuheshimu kwa hilo. Ila usije tena kunihubiria kwamba nimesafishwa, kama hutaki kuniachia gurudumu moja."

Mchungaji hakuinuka. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Mwishowe akasema, "Heri yako Mungu hafanani na mimi. Mimi ni mwoga. Yeye alizijua kabisa tabia za mikono yetu, akajitia humo humo. Tukamfanya tulichomfanya. Na bado kila siku ya meza anajitia mikononi, yangu na yako, bila kuuliza tumeangusha nini."

"Mimi sitaki kusahau."

"Nani kakuambia usahau? Yeye mwenyewe alifufuka na makovu yake."

"Na shemeji hafufuki kesho."

"Hapana. Kesho hafufuki." Mchungaji hakuongeza kitu juu ya hapo, na Breki alimshukuru moyoni kwa kutoongeza. Kisha mchungaji alisimama, akatoa ufunguo wa gari mfukoni, akauweka juu ya tofali, na akaenda zake kwa miguu kwenye jua.

Breki aliutazama ufunguo ule kama mtu anavyotazama nge. Alikuwa na hasira, na hakujua ni ya nini. Baadaye, alipokuwa chini ya gari dogo la mchungaji, uso juu na mafuta yakimdondokea shavuni, aliijua. Gerezani walikuwa wamemnyang'anya kila kitu isipokuwa kosa lake. Lilikuwa mali yake. Alilibeba, alililinda, alisimama nalo kando ya tangi la maji Jumapili baada ya Jumapili, akiwaonyesha watu kwamba angalau yeye anajiadhibu sawasawa. Sasa mtu anakuja anamwambia aingie nalo ndani, akae nalo mezani, ale. Ilikuwa kama tusi. Afadhali angechapwa.

"Kumbe hata adhabu yangu huniachii," alimwambia Mungu pale chini ya gari, kwa sauti, na fundi wa kona ya pili akauliza anaongea na nani.

Jumapili ya meza ilipofika hakutoka nje. Wimbo wa kuandaa meza uliimbwa, vitambaa vyeupe vikafunuliwa, na watu wa benchi la mwisho wakasogeza magoti kumpisha apite kama kawaida. Hakupita. Wakaanza kugeuka, mmoja mmoja, halafu wengi. Kaka yake alikuja na sinia, mguu mbovu ukiburuzika sakafuni, benchi kwa benchi, mpaka akafika mwisho, akainua macho.

Alisimama. Ilikuwa mara ya kwanza kutazamana tangu jioni ile ya "chukua, kaka."

"Mimi sijakusamehe," kaka akasema. Hakunong'ona. Aliyekuwa karibu alisikia.

"Najua, kaka."

"Na sijui kama nitakusamehe."

"Najua."

Mtu angedhani kaka atapita, au atalimwaga sinia. Akasema, "Lakini hii meza si yangu." Akachukua kipande cha mkate akamwekea kiganjani, pale penye weusi wa mafuta ambao sabuni zote za duniani zilishindwa kuutoa.

Breki alikula. Hakuona nuru, wala hakusikia sauti. Ulikuwa mkate mkavu, ukamkwama kooni, ikabidi ausukume kwa mate. Alilia, lakini kichwa hakukiinamisha. Alilia akitazama mbele, na waliogeuka kumtazama ndio waliogeuza shingo zao kwanza.

Baada ya ibada maneno yalikuwa mengi uwanjani. Wako waliosema mzee amejivunjia heshima. Wako waliosema sasa basi, yamekwisha, Mungu ni mwema, na wakaja kumpiga Breki mgongoni wakimwambia asahau. Hao ndio waliomkasirisha zaidi. "Hayajaisha," aliwajibu. "Nimekula tu." Mzee mwenziwe kaka alipendekeza kwenye kikao kwamba mtu kama yule apangiwe utaratibu wake, na kaka akamjibu kwa neno moja, "Nyamaza," na kikao kikaendelea na habari za bati.

Miezi ilipita. Siku moja alasiri, Breki akiwa amelala chini ya lori, aliona viatu viwili vinaingia kwenye kona yake, kimoja kimeliwa kisigino upande. Akatoka chini ya lori taratibu. Kaka yake alikuwa amekaa juu ya tairi, mikono juu ya fimbo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba." Kisha: "Nasikia mahakamani hawakukuuliza. Ulikuwa unafanya nini ulipoiacha ile nati?"

Breki alikuwa ameliogopa swali hilo kuliko jela. "Nilikuwa nje na watu. Nilikuwa nawasimulia kisa."

"Kisa gani?"

"Cha bwana aliyesukuma gari la jirani."

Kaka aliangalia chini. Kwa muda mrefu alichora vumbi kwa ncha ya fimbo. "Miaka yote hii nilidhani labda ulikuwa mgonjwa," akasema. "Au una shida fulani. Nilitaka kiwe kitu kikubwa."

"Hakikuwa kitu, kaka. Nilikuwa nacheka."

Kaka aliinua fimbo. Breki hakujikinga. Fimbo ilibaki hewani, ikashuka, na yule mwashi mzee akaanza kulia kwa namna ya watu wasiojua kulia, mabega yakiruka bila sauti. Breki hakuthubutu kumgusa. Alikaa chini kwenye vumbi karibu na tairi, akalia naye.

"Alikuwa anakipenda kile kisa," kaka akasema baadaye, akijipangusa kwa kiganja. "Alikuwa anakisimulia vibaya. Anaanza na mwisho."

"Anacheka kabla hajafika," Breki akasema.

"Kabla hajafika hata katikati."

Walikaa. Fundi wa kona ya pili aliwaletea chai akaondoka bila kuuliza. Jua lilipoanza kuzunguka nyuma ya ukuta, kaka alijiinua kwa fimbo, akakataa kusaidiwa, na akiwa tayari amegeuza mgongo akasema:

"Halafu Jumapili usikae kule nyuma. Mguu unaniuma kufika huko."

Hakusema amesamehe. Mpaka leo hajasema, na Breki hajamwomba aseme. Lakini Jumapili iliyofuata Breki alivaa shati lililopigwa pasi, akaingia kanisani kwa mlango mkubwa, akapita benchi la mwisho, akapita ya katikati, akaenda mpaka la tatu kutoka mbele. Palikuwa na nafasi moja. Mama mmoja wa kwaya, aliyekuwa mmoja wa wale wa kutazama mbele, alimwona anakuja, akauweka mkoba wake pale haraka.

"Hapa pana mtu," akasema.

"Ndiyo, mama," Breki akajibu, akauinua mkoba kwa heshima, akampakatisha. "Mtu mwenyewe ni mimi."

Akakaa.